Eda Aliyoikaa Nyumbani Kwangu

Watu wakija kumtazama mgonjwa huja na vitu viwili: machungwa, na hadithi ya mgonjwa mwengine. Machungwa nilikuwa nikiyala. Hadithi ndiyo iliyonikwama kooni, maana kila mmoja alikuja na ile ile, ya bwana mmoja wa Vitongoji aliyeanguka mkarafuuni kama mimi, akavunjika uti wa mgongo kama mimi, na bado, walivyosema, anacheka, haachi sala, na anasuka madema ya kuvulia samaki yanayogombaniwa pwani nzima. "Yule ana moyo," wakiniambia, huku wakinitazama utadhani moyo wangu mimi ulibaki juu ya mti.

Kwetu ni Kiuyu, ardhi ya mawe, na mkarafuu hauoti. Msimu ukifika vijana hupanda gari kwenda upande wa magharibi wa kisiwa kuchuma kwa kulipwa, na asiyezaliwa na ile miti haijui tabia yake. Tawi la mwembe hulia kwanza, likakupa nafasi ya kuruka. La mkarafuu hukatika kimya. Nilikuwa nimenyoosha upembo, ule mti wenye kulabu, kuvuta kishada cha mbali, basi. Kuanguka sikukumbuki. Nakumbuka nilichukuliwa juu ya jamvi la kuanikia karafuu, na ile harufu mpaka leo nikiisikia kwenye chai ya watu hukisukuma kikombe mbali.

Nilirudishwa nyumbani na miguu isiyokuwa yangu tena. Nilipewa kiti cha magurudumu, lakini juu ya mawe yetu hakiendi hata hatua mbili, kikawekwa ukumbini na kuku wakapata pa kutagia. Mke wangu ndiye aliyenigeuza. Wauguzi walimfundisha kwamba nisilale ubavu mmoja muda mrefu, nyama itaoza. Alikuwa akinishika begani na kiunoni. Kiunoni sikuhisi kitu, lakini mkono wake wa begani niliuhisi, na siku nzima nikawa nausubiri huo.

Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili ya ndoa, na mtoto hatukuwa naye. Sasa hata wa kutarajia hakuwepo. Mama mkwe alikuwa akija, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anapepea nzi wasiokuwepo.

"Baba, mie sisemi kitu," alinambia siku moja. "Lakini mwanangu bado kijana."

Asiyesema kitu alikuwa amekwisha kusema. Tangu siku hiyo nikawa sina fikira nyengine: nimwache mke wangu akaolewe na mwanamume mzima, au nibaki naye, azeeke akigeuza mzigo? Nilitamani kufa ili niepuke kujibu. Najua kuwa ni dhambi kutamani kifo. Nilikitamani hivyo hivyo, asubuhi na jioni.

Mke wangu ndiye aliyetaka nipelekwe Vitongoji. Alitafuta keri, kigari cha kubebea mchanga, akatandika godoro nyuma, akapakata kichwa changu njia nzima kisigonge bodi. Mimi nilikwenda kwa hasira tu. Nilitaka kuuona huo moyo unaosifiwa.

Nikalazwa kitanda kinachokabiliana na cha yule bwana. Alikuwa mwembamba, ndevu zimechanwa vizuri, na alitupokea kwa kicheko kikubwa. Mke wangu akatoka uani na dada yake yule bwana, dereva akaenda zake kibarazani, na walipotoka wao kicheko nacho kikatoka.

"Weye ndo wa Kiuyu," akasema. "Nimeambiwa huli."

"Nala."

"Mie kuna siku sili. Wakija watu nala, wapate kuniona. Wakenda zao natapika." Akaukaza ufito kwenye dema lililokuwa mapajani mwake. "Nimechoka kuwa mfano, ndugu yangu. Lakini nikiacha, hawaji tena."

Ningepaswa kumhurumia, nami nilifurahi. Mara ya kwanza tangu nianguke nilikuwa na mtu karibu yangu. Nikamuuliza nililolijia.

"Mkeo yu wapi?"

"Nilimwacha. Hilo hawakwambii, ati? Kaniomba mwenyewe, kalia mpaka sauti ikamkauka. Nikampa talaka yake. Sasa ana watoto watatu kwa mume mwengine. Siku ile nililia hata nikashikwa na homa, kisha nikaagiza fito, nikaanza dema la mwanzo." Akanitazama. "Wako kakwambia ataka kwenda?"

"Hilo hawezi kulisema."

"Basi muulize."

Sikumuuliza. Njia ya kurudi, kichwa changu mapajani mwake, nilikuwa nimekwisha kuchagua nilichokitaka katika maneno ya yule bwana: kwamba kuna jambo moja la kishujaa ambalo mtu asiye na miguu anaweza kulifanya akiwa kitandani. Nikimuuliza, nilijiambia, atakataa kwa huruma, na huruma sitaki. Niliona nimepata ujasiri. Hata njaa nilisikia.

Siku chache baadaye, baada ya sala ya alasiri, alikuwa ananimiminia uji. Nikamwambia: "Nimekuacha talaka moja."

Akaliweka sufuria chini. "Kwa kosa gani?"

"Hapana kosa."

Akalichukua tena sufuria akamalizia kumimina, akanipa bakuli kwa mikono miwili kama siku zote.

Nilidhani ataondoka siku ile ile. Mama yake alikuja mbio na gari, mtandio upande. Mke wangu akamwambia, nami nasikia chumbani: "Talaka ni moja, mama. Eda nakaa kuno kuno. Ndo sheria." Na kweli ndiyo sheria, ingawa siku hizi hapana anayeifuata, wanawake hufunga mizigo wakarudi kwao siku hiyo hiyo. Talaka ya kwanza ina marejeo. Mpaka mke apitiwe na tohara tatu, yaani siku zake zije na kwisha mara tatu, nyumba ya mume ni nyumba yake, na mume akisema "nimekurejea", ndoa imesimama tena. Mke hana neno katika hilo. Kurejea ni kwa ulimi wa mume peke yake.

Ila kugusana hakuna. Mama yangu, tunayekaa naye nyumba moja, alikwenda kwa shehe kuuliza nani basi atakayenigeuza, maana yeye mikono yake imekwisha nguvu kwa uzee. Shehe alifikiri sana, akasema maradhi yana hukumu yake na dharura inajulikana, lakini kama pana njia ya kunigeuza bila ya kushikana, ndiyo bora. Mke wangu akaitafuta njia. Alikunja shuka mara mbili, akaipitisha chini yangu, akasimama upande wa pili wa kitanda na kuivuta, nami nikageuka kama gogo. Alihamia chumba cha mama. Akija kwangu hujifunika kichwa vizuri, kama anayemhudumia mgeni. Bega langu halikuguswa tena.

Huko nje mimi nikawa mfano. Wale wale wa machungwa walikuja wakanishika mkono: "Umefanya la kiume." Mmoja alinambia kuwa ameitaja habari yangu kwa mgonjwa wa Micheweni, apate kuiga. Nilitaka kumtupia bakuli.

Kwa sababu nilikuwa nampenda. Niliseme tu. Nilimpenda kabla sijaanguka kama vijana wanavyopenda, na baada ya kuanguka nilimpenda kwa namna nisiyoijua jina, na kila aliposhika ncha za ile shuka neno lilinijaa mdomoni. Neno lenyewe ni moja tu. Kisha humfikiria na watoto ambao hajawazaa, na mama yake akipepea nzi, nikalimeza. Nikajiambia kuwa huo ndio moyo. Usiku nalala na woga kwamba siku moja nitashindwa, na woga mkubwa zaidi kwamba sitashindwa.

Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni bila ya shuka wala bakuli. Kwetu mwanamke hazungumzi siku zake mbele ya mwanamume, na mimi kisheria nilikuwa nusu ya mgeni. Akazungumza.

"Nimekuja kukwambia kuwa siku zangu za eda zakaribia kwisha. Isiwe hukujua."

"Nimesikia."

Hakuondoka. Alikuwa anaizungusha ncha ya mtandio kidoleni, mpaka kidole kikawa cheupe.

"Huna la kunambia?"

Nimewaona wanaume wakipanda miti mirefu, na nimewaona wakitoka nje ya mwamba bahari ikichafuka. Sijamwona mtu aliyetenda jambo gumu kuliko lile, mwanamke aliyeachwa bila kosa, kusimama mlangoni mwa aliyemwacha na kuuliza mara moja tu. Nililijua hilo pale pale, ndiyo maana sina pa kujitetea. Lakini nilikuwa nimekwisha kusifiwa. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mwenye moyo, na nikamjibu kwa sauti ya mtu huyo.

"Sina."

"Haya," akasema.

Siku zilizobakia alizitumia kufua mashuka yote na kumfundisha mama jinsi ya kukunja na kuvuta. Mama alivuta, mimi nikabaki pale pale. Wakajaribu tena, wakaacha, wakamwita jirani, mwanamume, akakubali awe anapita asubuhi na jioni akipata nafasi. Ubavu wangu wa kushoto ulianza kidonda wiki zile.

Eda ilipokwisha kaka yake alikuja kumchukua. Nilimsikia akimuaga mama, wakalia wote wawili. Kisha nyayo zake zikaja ukumbini, zikasimama karibu na kile kiti cha kuku. Hakuingia. Alinipa salamu ya Kiislamu kutoka nje ya pazia, kama mpita njia anavyowasalimu waliokaa barazani, nami nikaitikia. Mlango wa gari ukafungwa. Gari ikashuka mawe taratibu, ikafika barabarani, ikashika kasi, na sauti yake ikapotea.

Ndipo nikalisema. Nikalisema kwa sauti kubwa, nikitazamana na dari, neno ambalo sasa lilikuwa halina nguvu ya kufunga kitu chochote: "Nimekurejea." Nikalirudia.

Mama akaja akijikokota, ameshika ukuta.

"Waniita? Wataka maji?"

Nikamwambia ndiyo, maji.