Pua ya Nyirasafari

Mwaka ule wa barakoa, homa ilimlaza Cansilde nyumbani kwake Rugerero, na ilipoondoka iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Wengine waliougua walipona kabisa baada ya wiki chache. Yeye alingoja, akangoja, mpaka akachoka kungoja. Ofisini mjini Gisenyi, alikokuwa akipokea wageni, hakumwambia mtu. Nani angejua kwamba chai kwake ilikuwa maji ya moto tu?

Kilichomuuma zaidi ni pombe. Zamani, familia yao ilipokuwa ingali Masisi upande wa Kongo, baba yake alikuwa mpishi wa mapadri, na kwao alijifunza kutengeneza pombe ya kahawia ya shayiri. Akamfundisha bintiye. Shayiri unailoweka, unaiacha ichipue, unaikausha iwe kimea. Kisha sehemu ya kimea hicho unaikaanga polepole hadi ipate rangi ya ganda la mkate, na hapo ndipo penye kazi. Ukizidisha, pombe inakuwa chungu kama masizi. Ukipunguza, inakuwa chapwa. Saa haikusaidii, na macho yanadanganya kwa sababu ya moshi. Pua ndiyo inayojua. Cansilde aliipika kila Noeli tangu waliporudi Rwanda, na majirani walianza kuiulizia tangu Novemba.

Noeli ya kwanza baada ya ile homa, alisimama palepale jikoni akikoroga kimea, na hakujua kwamba kinaungua mpaka jirani alipokuja mbio akidhani nyumba inashika moto. Alimwaga kila kitu nyuma ya nyumba, akaosha ndoo, akazipandisha darini. Watu walipouliza, alisema mgongo umechoka. Wakaamini.

Sasa Belise, mwanawe wa pekee, mwalimu kule Mahoko, akapata mchumba, kijana mpole aitwaye Byiringiro. Wiki chache kabla ya siku ya kuposwa, Belise alikuja kwa mama yake.

"Mama, siku ile sitaki kreti za dukani peke yake. Nataka ile yetu. Ile ya Babu."

Hapo ndipo Cansilde alipaswa kusema. Alifungua kinywa, akajikuta anajibu, "Bon. Tutaona."

Hiyo "tutaona" ilimkosesha usingizi. Alinunua shayiri, akaichipuza na kuikausha vizuri, maana hayo mikono yake iliyajua. Ilipofika siku ya kukaanga, akakaa kibarazani akiutazama mfuko wa kimea. Ndivyo Nyirasafari alivyomkuta. Huyu alikuwa mama wa ziwani, muuza sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, aliyepita pale kila Jumamosi na beseni kichwani.

"Mama Belise, iko nini? Uko kama mutu amefiwa."

"Sijafiwa."

"Basi angalia sambaza ya leo. Nusa."

"Sinusi kitu," alisema Cansilde. "Tangu ile homa. Sijaambia mutu."

Nyirasafari alitua beseni chini taratibu. "Donc myaka hii yote ulikuwa unanunua samaki yangu bila kunusa?"

"Nilikuwa nakuamini."

Yule mama alipangusa mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. Cansilde akamweleza habari ya Belise na ya kimea, kisha akamwomba amnusie.

"Mi niko mulokole, unajua. Pombe sinywe." Nyirasafari akafikiri. "Lakini kunusa, nazani haiko zambi. Na hii ni ya arusi."

Wakaingia jikoni. Cansilde akakoroga, mwenzake akainama juu ya sufuria, amefumba macho.

"Inanuka nini?"

"Majani makavu."

Baadaye kidogo: "Biskuti." Kisha: "Karanga. Karanga ya mama anajua kazi." Kisha uso wake ukakunjamana. "Inaanza kuwa kahawa. Toa. Toa sasa."

Cansilde akaipua papo hapo. Wakachanganya na kimea kilichobaki, wakachemsha kwa maji, wakatia yale maua makavu machungu yanayotoka ng'ambo. Uchungu wake Cansilde aliupima mwenyewe, kwa kuwa ulimi haukuhitaji pua kwa hilo. Ilipopoa wakachuja, wakagawa katika ndoo mbili, wakatia hamira, wakafunika.

Nyirasafari aliporudi kukagua, ndoo ya kwanza ilinuka ndizi mbivu. Kwenye ya pili alirudisha kichwa nyuma. "Hii imekuwa siki."

Cansilde aliketi kwenye kigoda. "Basi tuache. Nitamwambia Belise haiwezekani."

"Mi nikipata samaki moja mubovu, simwage beseni yote," alisema Nyirasafari, akainua ile ndoo mbaya na kuitoa nje.

Iliyobaki ikatiwa kwenye chupa. Siku moja kabla ya wageni, Cansilde alimwita bintiye akamwambia ukweli wote.

"Na chakula nilikuwa nakupikia Jumapili? Ulikuwa unasema kitamu."

"Nilikuwa nafurahi umekuja kunipikia."

Belise alicheka, akalia, akamkumbatia.

Pombe haikutosha kila mtu, kwa hiyo walimiminiwa wazee tu, glasi ndogondogo. Nyirasafari, Fanta mkononi, alisimama karibu na Cansilde akizisoma nyuso. Mzee Gatete, baba mdogo wa Byiringiro, alikunywa, akaitazama glasi, akaomba nyingine. Akaambiwa imekwisha.

"Basi tumeoa nyumba ambayo kitu chake kizuri hakitoshi," alisema. "Itabidi turudi tena na tena." Watu wakapiga makofi, na Cansilde akainamisha uso, akitabasamu.

Tangu siku ile Belise huja Jumamosi kujifunza. Sufuria yake ya kwanza aliiunguza. Asubuhi moja Nyirasafari alipotua beseni, Cansilde alishtuka: harufu ya samaki, kali, mbichi, ikampita puani kisha ikatoweka. Akainama kuitafuta tena, asiipate.

"Nilisikia," alisema. "Kidogo tu."

"Itarudi."

"Na isiporudi?"

"Mi niko," alisema Nyirasafari, akamshika mkono kumwinua. Wakaingia jikoni, ambako Belise alikuwa ameshawasha moto.