Harufu ya Mawese Yetu

Wakati wa vita ya Mjerumani mafuta ya taa yaliadimika, basi bwana mmoja wa Kijerumani akaja kwetu Ngonga, karibu na ziwa, akatuchukulia mawese yote ayatie kwenye injini ya boti lake. Akamwambia mama kwa lugha yetu, "Ndaga fijo," kana kwamba ndizi huungwa kwa asante. Boti hilo, alisema, lilikuwa la siri, Waingereza wasijue kama lipo. Kumbe mawese yakiungua kwenye injini hunukia kama samaki wa kukaanga! Kila liliponyemelea ufukweni, mbwa wa kijiji cha Ikolo walishafika kulipokea. Sisi tulibaki na ndizi za kuchemsha, kavu. Jioni moja mama akatuita, "Wanangu, chukueni sahani twende ziwani. Mboga yetu inapita."