Ugali wa Yunisi

Watu wa Kitandililo watakwambia mwalimu Dorika alizaliwa na tope vidoleni. Waongo hao, ila si waongo sana. Bibi yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na mtoto alimfuata kuchimba udongo tangu hajajua kufunga nguo. Mwaka wa hamsini na mbili shule ya misheni pale kijijini ikamwajiri afundishe kazi za mikono, hizo tu, si hesabu wala kusoma. Sasa wewe ungefundisha nini? Mafagio? Mikeka? Dorika akafundisha chakula cha udongo.

Usidhani ni mchezo! Siku ya kwanza alileta kiazi kimoja cha kuchoma, akakizungusha darasani. "Msikile. Kitazameni kwanza." Watoto arobaini wakakitazama mate yakiwatoka: kina macho mangapi, ganda limepasuka wapi, majivu yamegandia upande gani. Ndipo wakakigawana, kila mmoja kipande kama ukucha, kisha wakashika udongo. Wakauponda, wakatoa vijiwe, wakaukanda, wakalainisha kwa kidole chenye maji, wakatoboa macho ya kiazi kwa kijiti. Haukupita muda, jogoo wa jirani akaingia darasani, akadonoa hindi la udongo mara tatu, akaondoka amenuna. Dorika alicheka peke yake njia nzima mpaka nyumbani.

Mwalimu mkuu Manase hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, mwenye tai moja na sala ndefu, na hakuwahi kukanyaga darasa la Dorika hata siku moja. "Wazazi wananiuliza kama tunafundisha watoto kupika matope," alisema. Akaandika barua Njombe: kipindi kile kifutwe. Kikifutwa, Dorika hana kazi, anarudi kwao kulima. Mkaguzi wa shule, Mzungu, akajibu kwamba atakuja Ijumaa aone mwenyewe ndipo aamue.

Ijumaa ikafika na baridi yake. Dorika, mwenye hofu, alitandika kitambaa juu ya meza, akapanga viazi, mahindi na maharage, vyote vya udongo. Katikati akaweka kazi ya Yunisi, binti wa miaka minane: ugali wa udongo mweupe, uliofinyangwa asubuhi ileile, bado laini, una hata alama ya mwiko. Loo! Hofu yote ikamtoka, akapiga kigelegele.

Manase alikuwa barabarani tangu alfajiri akingoja gari, hajatia kitu mdomoni. Landrova ilipofika saa sita, alimsalimu mgeni, akampeleka moja kwa moja darasani. Akaiona meza, uso ukamng'aa. Kumbe wazazi wamemkumbuka mgeni! Naye Yunisi, ambaye kwao chakula kikitengwa maji hufuata, akapiga magoti na bakuli la kunawia bila kutumwa na mtu. Manase akanawa. Mgeni akaona mwenyeji ananawa, naye akanawa.

"Mwalimu mkuu," Dorika akaanza, "hicho si..."

"Tuombe," akasema Manase.

Jamani! Nani akatize sala? Huku kwetu hata paa likishika moto, linangoja amina. Dorika akafumba jicho moja. Manase akashukuru kwa mvua, kwa Malkia, kwa daraja jipya, na kwa mikono iliyoandaa chakula hiki. Hapo watoto arobaini wakaanza kutetemeka, midomo wameibana, machozi yanawatoka. Nusu ya Dorika ilikuwa inakufa kwa hofu, nusu nyingine kwa kicheko, na zote mbili zilimwomba Mungu sala ile ifike Pasaka.

Amina ikaja. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue chakula hakina neno. Manase akamega tonge. Likakubali. Akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Umepoa kidogo," akamwambia mgeni kwa aibu, akalitia mdomoni.

Taya zikasimama.

"Tema, baba, tema!" Dorika akapiga kelele, amemkingia bakuli. "Ni udongo!"

Manase akatikisa kichwa. Akatafuna. Mchanga ulisikika mpaka dawati la nyuma. Akameza, akanywa maji mafunda matatu, akajifuta mdomo kwa ile tai yake.

"Nimekiombea," akasema. "Siwezi kukitema."

Weee! Darasa likalipuka. Watoto wakaanguka kutoka kwenye madawati. Mkaguzi aliugusa ugali, akanusa kidole, akagonga kiazi mezani, ko! Akaketi kwenye kidawati cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni, akacheka mpaka masikio yakawa mekundu.

"Mwalimu mkuu," akasema alipopata pumzi, kwa Kiswahili chake cha polepole, "kipindi unachotaka nikifute ndicho hiki?"

Kicheko kikakatika ghafla. Dorika akashika ukingo wa meza. Manase alimtazama Yunisi, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, kisha akautazama ugali pale alipoumega. Alitazama kwa muda mrefu, macho mangapi, ufa uko wapi, kama watoto walivyokitazama kiazi siku ya kwanza.

"Ndicho, Bwana," akasema. "Nilikuandikia kabla sijakionja. Andika kibaki. Na ni cha nusu saa tu. Kifanye saa nzima."

 Dorika akapiga magoti pale chini kando ya Yunisi, akamkumbatia, wakacheka wote wawili na mikono yao ya udongo.