Jenereta ya Siku Moja

Watu wa Mji wa Kale wana midomo. Wanasema Taizoon amekula mkopo wa benki ya maendeleo. Amekula nini, jamani? Mtu mwenyewe hata sigara havuti, na kanzu yake ya Ijumaa ni ile ile ya miaka nenda miaka rudi.

Miaka thelathini aliuza bizari dukani kwa vipimo vidogo vidogo. Kisha akataka kusaga na kupakia mwenyewe, huko upande wa Kibarani. Benki ikaukubali mradi, ikamnunulia mashine, ikashika hati ya nyumba ambayo mkewe, Hussaina, aliirithi kwa babake. Akishindwa kulipa, nyumba ingeuzwa. Lakini sharti lilikuwa jema: hatadaiwa kitu mpaka mashine ianze kazi.

Mashine ikaja, stima haikuja. Mashine ile ilitaka transfoma yake, na transfoma ilikuwa ya wiki ijayo kwa miezi minane. Taizoon hakumwambia mtu. Alilelewa kwamba mwanamume haaniki shida zake mbele ya mgeni, sembuse mgeni wa benki.

Basi Mwende, afisa wa mikopo, alipopiga simu kwamba anakuja kukagua mradi, Taizoon alikodi jenereta, akaificha nyuma ya ukuta. Mashine ikanguruma, vumbi la bizari likaruka, Mwende akapiga chafya huku akicheka. Akalishwa biriani mpaka akaomba msamaha. Jioni jenereta ikarudi kwa mwenyewe.

Mficha uchi hazai, tunajua sote. Lakini ni nani aikumbukaye methali hiyo siku ya aibu? Mimi simcheki, namhurumia.

Mwezi uliofuata benki ikaanza kudai. Alilipa mara mbili kwa pesa za duka, rafu zikabaki tupu. Mara ya tatu akashindwa, akawa anazima simu. Barua zikaja, hakuzifungua. Mwishowe Mwende akaja nyumbani mwenyewe na ilani ya mnada.

Hapo Taizoon akasema yote, macho sakafuni, Hussaina amesimama mlangoni.

Mwende akaiweka ilani mezani. “Mzee wangu, ile siku nilikuja kuangalia kama umeanza kazi. Ungeniambia hakuna stima, ningeandika hakuna stima, na benki ingengoja. Niliandika nilichoonyeshwa.”

“Na sasa?”

“Nitaandika upya, nikuombee muda. Lakini mnada umeshatangazwa. Siwezi kukuahidi.”

Mwende alipokwenda zake, Taizoon akamgeukia mkewe amtake radhi.

“Nyumba ya babangu nitaililia, kisha nitanyamaza,” Hussaina akasema. “Lakini miezi yote hii walala kando yangu, Taizoon. Mimi nami wanionea haya?”