Jitosheleza na Mizinga ya Mpakani

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Jitosheleza, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Tangu awe mgane, ukimkaribisha chakula atakwambia ameshakula. Ukimwambia njoo ukae nasi, atakujibu kwamba yeye ni kama soya yake: ua la soya hujichavusha lenyewe, halimpigii mtu hodi. Husema hivyo akicheka. Mimi ni mdogo wake, nyumba zetu zinatazamana, na kila siku namwona anavyokaa mezani na sahani yake moja. Sicheki.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimzoea: Mama Asali, mjane mwenye shamba la jirani, aliyefuga nyuki kwenye mpaka wao. Jioni alikuja kuikagua mizinga yake, na akishamaliza haondoki. Mara aazime jembe, mara arudishe jembe, mara aje kuuliza kama jembe lilifika salama. Jembe lenyewe halikuwa na shida yoyote, hilo nalijua. Na kaka naye siku hizo alikuwa akioga mapema.

Halafu nyuki akamuuma kope wakati anapalilia. Uso ukavimba, watu dukani wakamcheka, naye kwa hasira akaenda kumwambia yule mama aondoe mizinga yake. Soya haihitaji nyuki, na yeye hahitaji usumbufu. Nilipomwuliza amelogwa au nini, nikanuniwa na mimi. Mama Asali hakugombana. Alikodi mkokoteni, akaihamishia mizinga mbali, ng'ambo ya kijito, na hakuja tena. Angekuja kufanya nini?

Msimu huo mvua haikukosekana, na palizi kaka aliifanya kama kawaida yake, lakini maua mengi yalipukutika na maganda yaliyobaki yalikuwa membamba. Upande wa mpakani, ambao miaka yote ulizaa kuliko pengine, safari hii haukuwa na jipya. Kaka alizunguka shambani akibonyeza maganda: punje mbili, mbili, moja. Bwana shamba alipopita akamweleza kwamba ni kweli soya hujichavusha, inaweza kuzaa bila mdudu yeyote. Ila nyuki wakiyatembelea maua, mengi zaidi hushika, na maganda hujaa vizuri. Bila wao haifi, alisema, inazaa kidogo tu.

Jioni hiyo kaka akaja kwangu bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azike mke wake. Akakaa, akaangalia sakafu.

"Nyumba imekuwa kimya mno, mdogo wangu," akasema.

Niliumia, sitaficha. Lakini mimi nikiumia huwa nagomba, basi nikagomba. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Yeye kafukuza nyuki, kafukuza na mwenye asali. Nikamwambia aende akaombe msamaha, amwombe mama wa watu arudi, na asiishie kwenye nyuki. Tena afanye haraka, maana nilisikia binti yake anataka kumchukua wakakae wote mjini. Kesho yake akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi. Alikawia huko mpaka nikaanza kufurahi.

Alirudi magharibi, nyuki wameshaingia ndani, anasukuma mkokoteni wenye mizinga. Nikamtoa neno moja moja. Alimkuta Mama Asali anafunga mizigo. Msamaha aliomba, na mama akamsamehe palepale. Kisha akamwuliza hasa amekuja kwa ajili ya nini.

"Nimekuja kwa ajili ya nyuki," kaka akasema.

"Nyuki tu?"

"Nyuki tu."

Basi akapewa mizinga yote, kwa kuwa kwa binti yake hakuna pa kuiweka. Naye akashukuru, akasaidia hata kufunga kamba za mizigo. Jamani!

Msimu uliofuata soya ilizaa mpaka mashina yakalemewa. Kaka akaniletea ganda nilione, punje tatu zimebanana ndani yake, na uso wake haukuwa na raha hata kidogo. Nikampigia Mama Asali, nikamkabidhi kaka simu kabla hajakimbia. Akamsimulia maua yalivyoshika, upande wa mpakani ulivyojaa, magunia yalivyokosa pa kuwekwa. Mama alicheka kwa furaha ya kweli. Simu yangu hiyo ina sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Na wewe mwenyewe, je?" akauliza.

Kaka akanitazama. Nikamwashiria kwa mikono miwili: sema, sema.

"Mimi mzima tu," akasema. "Sina shida yoyote."

Wakaagana kwa heshima zote.

"Kaka, we ni mjinga," nikamwambia.

"Najua," akasema. Simu ilikuwa bado iko sikioni mwake.