Honi ya Verlyn Haugstad

Katika mji wa Lindfors, kaskazini mwa Minnesota, kupiga honi ni utovu wa adabu. Ukimkuta mtu kasimamisha gari katikati ya barabara anapiga soga na mwenzake, unangoja. Unatazama theluji. Ukizidiwa kabisa, unakohoa ndani ya gari lako mwenyewe, vioo vimefungwa. Verlyn Haugstad aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja na hakuigusa honi hata mara moja. Siku ya kustaafu kwake walimpa saa ya ukutani na kulitaja hilo kwenye hotuba, maana sifa nyingine hawakuipata.

Korona ilimkuta ana miaka sabini na nne, mke mwenye pumu aitwaye Ardis, na mdomo. Hakuna aliyemtuma, lakini alijipa cheo cha kuwachunga wenzake. Alisimama dirishani na ile darubini ya kutazamia ndege, akahesabu magari ya wageni kwa majirani. Waumini wa kanisa lake walipojikusanya ukumbini kula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, aliwaandikia barua kwenye gazeti la mji: "Mtu asiyeweza kulizuia tumbo lake kwa ajili ya afya ya jirani yake, sijui anamwomba Mungu kitu gani." Ilipochapishwa aliikata, akaibandika kwenye friji. Ardis aliisoma akasema si mbaya. Kwa watu wale, hivyo ni vigelegele.

Aprili ya mwaka ule binti yao Marit, anayekaa Duluth, alijifungua mtoto wa kike, Tilda. Kila Jumamosi wazee hawa walisafiri saa moja na nusu, wakakunjua viti vyao nje ya dirisha la sebule, wakamtazama mjukuu kupitia kioo kama watu waliokwenda kuona samaki wa mapambo. Ardis aliweka kiganja kwenye kioo. Mtoto akaweka mdomo upande wa pili, akalamba. Miezi tisa ikapita hivyo. Ardis aliwahi kulea watoto wa nusu ya mji ule, na mjukuu wake mwenyewe hakujua hata uzito wake.

Mwezi wa Januari Marit akapiga simu.

"Mama, nisikilize. Siku kumi na nne msionane na mtu. Nikisema mtu, nina maana mtu yeyote. Jumapili ya tarehe ishirini na nne mje mumshike."

Ardis akachora duara jekundu kwenye kalenda. Kila asubuhi alikata siku moja kwa kalamu ileile, akakaa ndani kama aliyewekwa kizuizini.

"Mimi nitakuwa ziwani," Verlyn akasema. "Kibandani kwangu niko peke yangu. Samaki hawana korona."

Kibanda chenyewe ni cha bati, kimekaa juu ya barafu, na kwa ukubwa kinakizidi choo kidogo tu. Kina tundu sakafuni la kushushia ndoano, jiko la gesi, na benchi. Siku tatu za kwanza alikuwa peke yake kweli. Ya nne mlango ukagongwa.

"Fungua, bwana, makalio yamegeuka barafu!" Alikuwa Orrin, rafiki yake tangu shule ya msingi.

Na kule ziwani mtu haachwi nje ya kibanda. Hata adui yako utamfungulia. Verlyn akafungua. Hilo lingesameheka. Lakini kesho yake Orrin alirudi na Lyle, na Lyle alikuja na karata. Wakafunga mlango, wakawasha jiko, wakavua barakoa ili wanywe kahawa vizuri.

"Jamani, tuko ndani hapa," Verlyn alisema siku hiyo ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaka kupingwa.

"Ndani wapi, wewe mzee?" Lyle akamcheka. "Chini ya miguu yako kuna ziwa. Umeona wapi chumba chenye samaki chini ya kitanda? Hii ni nje yenye kuta."

Mwandishi wa barua ya gazetini akaipima hoja hiyo, akaona ina uzito. Akagawa karata. Siku tisa mfululizo.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya duara jekundu, Orrin akapiga simu.

"Verlyn, kahawa yangu leo haina harufu."

"Kahawa yako haijawahi kuwa na harufu."

"Na soksi pia. Nimezinusa zote mbili."

Verlyn akalitazama duara jekundu kwenye kalenda.

"Si kesho ndiyo mnakwenda kwa mtoto?" Orrin akauliza.

"Ndiyo."

"Mh. Wanasema kesho baridi itazidi."

"Wanasema hivyo."

Wakazungumzia upepo kwa dakika kumi nzima, wanaume wawili wazima, kisha wakaagana.

Jikoni Ardis alikuwa anapiga pasi blauzi ya pamba. Sweta za sufu alikuwa amezikataa zisije zikamwasha mtoto. Kucha alikuwa amezikata hadi kwenye nyama. Verlyn alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza yakatoka maneno ya betri ya gari. Ya pili akauliza kama chumvi ipo. Ya tatu Ardis akageuka, uso umemng'aa, akasema, "Unafikiri atanilia?" Verlyn akasema hapana, akaenda kukaa chooni, ingawa hakuwa na haja.

Usiku alilala kitandani kwa mkewe kama kawaida.

Jumapili walipofika Duluth, akazima gari, akashika usukani.

"Mgongo wangu umekaza. Tangulia wewe."

Eti akibaki garini atakuwa amemkinga mtoto. Ndivyo alivyojidanganya, huku akijua Ardis amekunywa kwenye kikombe chake asubuhi ileile.

Marit akatokea barazani amembeba Tilda, aliyefunikwa kofia ya masikio. Ardis alivuka theluji mbio mbio, mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi kwa vituo. Akavua glavu, akanyoosha mikono. Zilibaki hatua nne. Verlyn akabonyeza kitufe cha kioo. Kioo kilikuwa kimeganda. Akafungua kinywa, nacho vilevile. Ardis alibakiza hatua mbili.

Basi akapiga honi. Akailalia kwa viganja viwili, miaka thelathini na mmoja yote ikatoka kwa mpigo, mbwa wa mtaa wakaitika.

"Baba! Umepatwa na nini?" Marit akapiga kelele. Mtoto akaanza kulia.

Verlyn akashuka. "Usimshike, Ardis. Kibandani sikuwa peke yangu. Alikuwepo Orrin. Na Lyle. Orrin hasikii harufu."

Jirani ng'ambo ya barabara aliyekuwa anazoa theluji akaegemea koleo lake asikie vizuri.

Mikono ya Ardis ilikuwa bado imenyooshwa. "Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Mimi napiga pasi."

"Ndiyo."

Ardis akashusha mikono, akavaa glavu, kidole baada ya kidole. Marit akarudi nyuma hadi mlangoni, akafunga. Kitasa kililia polepole, bila hasira, na hilo lilimuumiza Verlyn kuliko kama angebamiziwa mlango.

Ardis akapanda kiti cha nyuma, akashusha kioo cha upande wake kilichokubali kushuka, nyuzi ishirini chini ya sifuri, na hivyo wakasafiri saa moja na nusu. Hata hali ya hewa hakuitaja, na hapo ndipo Verlyn alipoogopa hasa.

Nyumbani Ardis alimhamishia mumewe chumba cha chini ya nyumba. Chakula kiliachwa kwenye ngazi. Homa ikamshika Verlyn, si kali, na harufu ya soksi zake hakuisikia tena. Usiku na mchana alisikiliza nyayo za Ardis juu ya dari, akiogopa atakohoa. Hakukohoa. Alipimwa mara mbili, akakutwa mzima. Siku ya tano sahani ilishuka na kipande cha gazeti chini ya uma: barua yake, kutoka kwenye friji.

Akaandika nyingine, mistari minne. Mhariri akampigia.

"Verlyn, hii niiweke na jina lako kweli?"

"Weka jina. Na neno kibanda usilifute."

Februari, Ardis alipokwisha kukata siku nyingine kumi na nne kwa kalamu yake nyekundu, walirudi Duluth. Verlyn hakuulizwa, alikunjua kiti chake nje, kwenye theluji, akakaa. Kupitia kioo alimwona Ardis akimpokea mtoto. Hakulia yeyote kati yao. Ardis alimpima mkononi kidogo, juu, chini, kama anayechagua kabichi, kisha akazamisha pua shingoni mwa mtoto na kukaa hapo muda mrefu sana.

Marit alionyesha mlango kwa kidole, kumwita baba yake. Ardis akatikisa kichwa.

Baada ya kama saa moja mlango ukafunguka upenyo mdogo. Sauti ya Ardis ikatoka, ya kwanza kuelekezwa kwake bila amri ndani yake tangu siku ya honi.

"Baridi leo."

Verlyn hakuzihisi tena pua wala masikio.

"Si mbaya," akasema, akabaki kwenye kiti, kwa kuwa hajaambiwa ainuke.