Sifuri Iliyoinama

Nitasema mapema nisije nikaonekana nimeficha: yule kijana nilimwonea wivu. Si ule wivu wa mzaha wa barazani, watu wanacheka huku wanagongana viganja. Kilikuwa kijicho hasa. Nina wajukuu wawili, naswali swala tano, na bado nilikuwa nikikaa pembeni mwa uwanja namwombea mtoto wa watu ateguke mguu. Namwomba Mungu msamaha papo hapo, halafu mpira ukimfikia tena, namwombea tena.

Mimi ni fundi cherehani hapa Msambweni. Nashona kanzu na sare za shule. Zamani, kabla magoti hayajaanza kulia, nilikuwa winga wa kulia wa klabu yetu, jezi namba saba. Tulicheza kwenye uwanja uleule wa mchanga ulioko mpaka leo, ila siku hizo palikuwa na kisiki cha mnazi karibu na kona ya upande wa barabara. Wageni hawakukijua kisiki kile. Nilikuwa nawavuta mabeki wao hadi pale, nakizunguka, wao wanajikwaa. Sasa kimeng'olewa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kilikuwa hatari kwa wachezaji. Hatari! Kile kisiki kilikuwa mchezaji wetu wa kumi na mbili.

Krosi zangu alizifunga mwenzangu, namba kumi. Nitamwita Kumi tu, kwa sababu hata mkewe alimwita hivyo. Kumi alikuwa mrefu, mvivu wa kukimbia, na mpira ulimpenda. Mimi nilikimbia uwanja mzima mpaka mapafu yakataka kutoka, nikapiga krosi, yeye akatia kichwa, na aliyebebwa mabegani akawa yeye. Tuliporudi na ushindi kutoka Diani, akina mama walipiga vigelegele wakitaja namba yake. Yangu waliitaja pia, lakini baadaye, kama mtu anayekumbuka kwamba kwenye pilau mlikuwa na viazi.

Siku hizo tulinunua fulana tupu, na namba nilizikata na kuzishona mimi, kwa kuwa nilikuwa najifunza ufundi kwa mjomba wangu. Saba yangu niliifumua na kuishona mara tatu mpaka ikanyooka. Kumi yake niliishona jioni moja roho ikiniuma, siku chache baada ya yeye kubebwa kwa bao ambalo kila mwenye macho aliona kwamba nusu yake ni yangu. Moja niliinyoosha. Sifuri niliiinamisha, makusudi, ikalalia ubavu. Nilitaka achekwe. Hakuna aliyecheka. Aliivaa, akanishukuru kwa kazi nzuri, akaenda kufunga mawili.

Hilo sikumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu, na yeye nilimwambia tukiwa tumeshazaa watoto watatu.

Sasa klabu yetu ina desturi ambayo sijaisikia kwingine. Namba ya mchezaji aliyeacha jina haichukuliwi hivi hivi. Huposwa. Ilianza na kipa wetu wa kwanza, ambaye jezi yake alipewa mwingine bila yeye kuulizwa. Alinuna, hakukanyaga tena uwanjani, mpaka viongozi wakaenda kumwangukia na sinia la halua. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria. Anayetaka namba hutafuta mshenga, na mshenga huenda kwa mwenye namba na halua, kahawa na maneno matamu, aseme tumesikia humu ndani mna mwari. Mwenye namba huringa kidogo, huuliza tabia za kijana, na akiridhika, namba hushonwa kwa mkono juu ya jezi mpya, hata kama zile nyingine zote zimepigwa chapa Ukunda. Saba na kumi zilikaa ndani miaka mingi. Vijana walizitazama kwa mbali, wakachukua ishirini na ngapi huko.

Ndipo akaja huyu kijana kutoka Kikoneni, ambako baba yake analima mihogo na korosho. Alivaa ishirini na saba na akacheza winga ya kulia, palepale pangu. Siku ya kwanza nilimwona ameshika mpira karibu na kona, pale palipokuwa na kisiki, nikasema moyoni, haya, kisiki huna, utafanya nini? Akasimama. Beki naye akasimama. Alichofanya baada ya hapo sikukiona, na nilikuwa nimevaa miwani. Niliona tu beki ameketi mchangani na krosi imeshafika kichwani mwa mtu.

Barazani, kila baada ya swala ya Ijumaa, mjadala ukawa mmoja: wa zamani na wa sasa, nani zaidi? Mimi ndiye niliyekuwa wakili wa wa zamani. Nilisema hawa wa sasa wana njumu nyepesi, wanakunywa maji ya chupa, wanajirekodi kwa simu wakipiga danadana halafu wanashinda wakijitazama. Sisi mapumzikoni tulipewa vipande vya chungwa, na aliyechelewa alipata maganda.

"Mleteni huyo wenu acheze na kisiki," nilisema, "ndipo tuzungumze."

Dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, wacha wivu bana. Huyo boy ni moto."

Nilimwambia wivu ni wa wake wenza. Kisha nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Kilichoniuma si kwamba kijana alikuwa hodari. Hodari nimewaona wengi. Aliniuma kwa sababu alicheza vile nilivyodhani miaka yote kwamba mimi ndivyo nilivyocheza.

Siku kumi baada ya Idi, fununu zikanifikia kibandani: kijana anataka kuposa. Sikuhitaji kuuliza anaposa nini. Winga wa kulia, amevaa ishirini na saba, hiyo ishirini anataka kuitupa abaki na saba. Nilifurahi, lakini si kwa heri. Nilitaka waje, wakae, wabembeleze, kijana ainamishe kichwa mbele yangu, kisha niseme, "Mwari wangu bado mdogo." Niliijaribu sentensi hiyo mbele ya kioo mara kadhaa, nikitafuta sauti isiyoonyesha hasira. Jezi niliitoa kwenye sanduku, mke wangu akaifua, nikaipiga pasi mwenyewe na kuiweka juu ya kiti cha sebuleni ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

"Na ukishawakatalia," mke wangu aliuliza, "utaivaa wewe?"

Niliigeuza jezi kidogo ili saba ielekee mlangoni.

Walikuja Jumamosi baada ya alasiri: nahodha, wazee wawili wa kamati na kijana mwenyewe, amevaa kanzu niliyotambua kwamba siyo mimi niliyeishona. Nahodha alibeba sinia lililofunikwa kawa. Kijana aliinama kunisalimu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba," nilisema, nikikaza uso.

Mke wangu, kwa ukarimu wake, alileta sahani na kufunua kawa ili halua ikatwe. Nahodha aliirudisha kawa polepole, kwa adabu. "Tuwie radhi, mama. Hii ni ya Kibuyuni."

Sikuelewa. Kibuyuni ndiko alikohamia Kumi, kwa kuwa mkewe analima mwani huko. Nilikuwa bado nasubiri zamu yangu ya kukataa.

"Ami," nahodha alisema, "kijana wetu anataka kuposa kumi. Na tumetafuta mshenga, hatukumwona anayefaa ila wewe. Hakuna anayemjua mzee yule kukushinda wewe."

Macho yao wote yalipita kwenye kile kiti, kwenye saba iliyopigwa pasi, yakaondoka haraka. Laiti wangeitazama kidogo. Laiti mmoja wao angeuliza tu, ami, na hii je? Mke wangu aliichukua jezi, akasema anaenda kuikunja, akaingia nayo ndani. Nilimshukuru na nikamchukia kwa wakati mmoja.

Nilikubali ushenga, tena upesi, na nia yangu haikuwa safi. Mshenga ana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Akimsifu kijana kwa uvivu, akanyamaza mahali pa kusifu, posa imevunjika na hakuna wa kumlaumu. Njiani kuelekea Kibuyuni nilikuwa nachagua maneno. Kwamba ana kipaji lakini hajatulia. Kwamba anapenda sana simu. Kwamba tumpe muda.

Kumi tulimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba, mwani wa mkewe umeanikwa mbele yake. Magoti yake yamekwisha kuliko yangu, na uwanjani hajafika siku nyingi. Alipoambiwa tulichokuja kuomba, hakuringa hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Sijamwona akicheza," alisema. "Nieleze wewe. Una mdomo mbaya, lakini kwenye mpira hujawahi kunidanganya. Ananifikia?"

Nahodha aliacha kunywa kahawa. Kijana alitazama vidole vya miguu yake. Neno nilikuwa nalo mdomoni, hajatulia, neno dogo tu. Nikaanza kueleza ile siku ya kona ili nifike huko. Nikasimama ili nionyeshe alivyosimama. Nikaweka mguu alivyouweka, nikainamisha bega, na nikiwa hapo katikati ya mwani, mzee mzima, nikakielewa alichofanya, kile ambacho sikukiona siku ile. Alimtazama beki mguu aliouegemea, akasubiri mpaka beki achoke kusubiri. Mimi nilihitaji kisiki. Yeye anangoja tu.

"Amekupita," nilisema. "Na mimi alinipita siku ya kwanza."

Kumi alicheka kwa furaha ya kweli, na hilo nalo likaniuma, kwamba mtu anaweza kuambiwa amepitwa akacheka. Akamwita mkewe, akaletewa jezi yake ya zamani, akaikunjua magotini. Sifuri ilikuwa bado imeinama.

"Mchukueni," alisema. "Lakini ashonewe na fundi huyuhuyu." Kisha akanigeukia. "Na saba? Nani amekuja kuiposa?"

Mbele ya watu wanne waliokuwa sebuleni kwangu, nilifungua mdomo nikasema, "Walikuja. Nimewakatalia."

Nahodha alizama kwenye kikombe chake. Wazee wa kamati wakaangalia upande wa Shimoni kana kwamba kuna mtu anawaita. Nilisikia masikio yangu yanawaka. Kijana ndiye aliyeinua kichwa.

"Ni kweli, ami," alimwambia Kumi. "Hata halua yetu hakuionja."

Kumi akapiga paja. "Mringo huo haujaisha!" Na safari nzima ya kurudi sikumshukuru yule kijana. Nilimwonea wivu hata kwa adabu yake. Mimi katika umri ule ningesema ukweli, ili watu wacheke.

Basi nikamshonea. Nilijiambia kwamba kwa kazi hii nitalipa ile dhambi ya zamani: niliipima sifuri kwa rula, nikaichora kwa chaki, nikaishona imesimama wima, mishono midogo kama ya kanzu ya bwana harusi. Sijawahi kushona namba nzuri kama ile, hata yangu. Alipokuja kibandani kuichukua, aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya sifuri.

"Sema," nilimwambia.

"Samahani, ami. Kazi ni nzuri mno. Lakini ile ya mzee sifuri yake imeinama."

"Lilikuwa kosa la fundi."

"Basi naliomba hilo kosa." Alicheka kwa haya. "Baba yangu alikuwa anashuka kutoka Kikoneni kuja kuwatazama. Ndiye aliyetufundisha. Tulipokuwa wadogo tulichorana migongoni kwa mkaa, moja imesimama, sifuri imelala. Ikisimama wima tulisema huyo si Kumi, huyo ni mtu tu. Nimeitaka kwa ajili ya ile sifuri."

Niliweka mguu juu ya kanyagio la cherehani. Nilijua swali litakalofuata ni la kipumbavu, na nililiuliza.

"Na saba, mlikuwa mnaichoraje?"

Alifikiri. Niliona anatafuta kitu kizuri cha kunipa, anatafuta kwa bidii, kwa sababu amelelewa vizuri. Alitazama ukutani, akatazama mita ya kupimia iliyokuwa shingoni mwangu.

"Saba ilikuwa imenyooka, ami," alisema mwishowe. "Ya kawaida."

Nilimwambia aketi asubiri. Nilichukua wembe, nikaifumua ile sifuri uzi kwa uzi, nikaiweka tena juu ya kitambaa na kuilaza kwa ubavu. Sikuhitaji rula wala chaki. Niliishona roho ikiniuma, na ikatoka vilevile.